Yamini kwa Ajili ya Petroli

Mpaka leo nikipita Kombani na kuanza kukipanda kilima cha kwenda Kwale, damu hunichemka. Kilima hakina kosa. Ni kwamba pale, kando ya barabara, mbele ya wanawake sita waliovaa leso za sare, nilifanywa mwizi na mtu aliyenusa kifuniko cha tangi.

Gari lilikuwa la kikundi chetu cha wanawake wanaopanda mwani, huko chini baada ya Msambweni. Ni stesheni wagoni nyeupe, aina ile ambayo Kenya nzima hubebea miraa na watu tisa. Sisi tulibebea magunia ya mwani, tukiyapeleka ghala la mnunuzi, Ukunda. Dereva nilikuwa mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nilikuwa karani wa hoteli moja Diani kwa miaka mingi, na hoteli ilipopunguza watu nilirudi kwetu na vitu viwili vya maana: leseni ya udereva na laptopu kuukuu, ambayo meneja aliniambia niichukue kwa kuwa hakuna aliyeitaka.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Kwale kwenye maonyesho ya vikundi vya wanawake. Tulipakia sabuni zetu za mwani, tukajipulizia manukato, tukaondoka mapema. Tulipofika katikati ya kilima gari likaanza kukohoa. Nikakanyaga mafuta, likakohoa zaidi, kisha likazima. Taa ya injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi wiki nzima, nami nilikuwa nimekwisha kulieleza jambo hilo kikundini. Nikaambiwa hilo litangoja maonyesho yaishe.

Wanawake walishuka wakasukuma, na leso zao mpya zikaingia vumbi. Tukampigia simu fundi mmoja mwenye gereji Kombani, mtu wa bara, akaja na pikipiki. Hakufungua hata boneti. Alizungusha kifuniko cha tangi, akakinusa, akatikisa kichwa kama mganga.

"Madam, hii petroli si safi," akasema. "Mtu ameweka mafuta ya taa ndani. Injini imekataa, si unaona?"

Nikamwambia, "Sioni. Hebu fungua injini kwanza."

"Hapo hakuna haja, mathe. Mimi hii kazi nimefanya miaka mob."

Mwenyekiti wetu alikuwa amesimama nyuma yangu. Ni mwanamke wa heshima zake, mwenye sauti ndogo ambayo haipandi hata siku moja. Sauti hiyo ndogo ndiyo iliyonimaliza. "Dada," akasema, "petroli unainunua wewe. Na funguo unalala nazo wewe."

Maana yake haikuhitaji tafsiri: kwamba ninafyonza petroli ya kikundi, ninaiuza, na kujazia mafuta ya taa. Hakuna aliyecheka wala kunitetea. Maonyesho tuliyakosa, na tuliporudi nyumbani kila mtu alikuwa anaangalia dirisha lake.

Jumamosi iliyofuata nikaitwa bandani, pale tunapoanikia mwani mvua ikinyesha. Wote walikuwa wameketi mkekani. Mbele ya mwenyekiti kulikuwa na msahafu uliofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Hatusemi umeiba," mwenyekiti akaanza. "Mungu atuepushe na dhana mbaya. Tunachotaka ni roho zitulie. Shika msahafu, uape kwamba hukuuza petroli ya kikundi wala hukuichanganya, yaishe."

Kwetu huko jambo hili si geni. Kuku akipotea, pete ikipotea, mtu anaweza kuambiwa ale yamini. Lakini marehemu baba yangu alikuwa akisema msahafu si nyundo, haupigwi kila penye msumari. Na mimi nilijua, kama walivyojua wao, kwamba mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi kwanza. Nikawaambia hivyo.

"Ushahidi ni fundi," mwenyekiti akajibu.

"Fundi alinusa!"

"Basi ana pua ya kazi yake."

Nilikataa kuapa. Nilikataa kwa hasira, nakiri, na mtu aliyekasirika hufanana sana na mtu mwenye hatia. Wakanipa majuma mawili. Jumamosi ya pili nile yamini, la sivyo nirudishe funguo na jina langu lifutwe. Kijijini kwetu mwizi hafungwi. Hualikwa arusini kama kawaida, na akishaondoka watu huhesabu vijiko. Mama yangu anaishi pale pale, na mimi sina kwingine pa kwenda. Nilikuwa na majuma mawili ya kulitetea jina langu au kuishi nalo likiwa bovu.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo fundi angelifanya kama angekuwa fundi. Nilidondoshea petroli ya tangini kwenye karatasi nyeupe ya daftari. Petroli safi hukauka isiache alama. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Karatasi ilikauka ikawa nyeupe vilevile. Nikaipeleka kwa mwenyekiti mkononi, naye akaitazama juu chini, akanirudishia.

"Hii ni petroli ya leo, dada," akasema. "Ya siku ile tutaipata wapi?"

Nikaikunja karatasi yangu nikatoka. Kukataa kwangu kulikuwa hatia, na ushahidi wangu nao ulikuwa ujanja.

Ndipo nikaikumbuka laptopu. Hotelini, mafundi wa magari ya watalii walikuwa na kebo fupi wanayoichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, upande wa pili kwenye laptopu, na gari likawaambia linaumwa wapi. Nikaenda Ukunda nikanunua kebo ya namna ile. Programu nikaipata bure mtandaoni. Alasiri tatu nilikaa ndani ya gari uani kwa mama, laptopu mapajani, waya wa umeme umepitishwa dirishani, nikitazama video za watu wa nchi za mbali waliokuwa wakizungumza haraka kama wanafukuzwa. Laptopu ilikataa kulitambua gari, gari likakataa kuitambua laptopu. Mama alipita na ndoo akaniuliza, "Mmeshasalimiana?" Siku ya tatu wakasalimiana.

Ilitoka namba moja ya hitilafu, na maelezo yake: mchanganyiko mwembamba. Hewa nyingi, petroli kidogo. Watu wa mtandaoni wakasema mara nyingi ni ile sensa ya kwenye ekzosi, kidude kinachopima moshi, imechoka. Hilo lilinitosha. Nilinunua sensa iliyotumika, nikaazima spana, nikaunguza mkono, nikaifunga. Nikaifuta ile namba kwa laptopu na taa ya dashibodi ikazimika. Nilipita mbele ya nyumba ya mwenyekiti nikapiga honi mara mbili, kwa kusudi.

Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini, gari likazima kwenye mwinuko ulio mbele ya mlango wa msikiti.

Walinisukuma. Mmoja akasema kwa upole, "Pole, mama, labda ni yale mafuta." Habari ilikuwa imekwisha kufika mpaka kwa wanaume. Nilisikia haya, na kiburi changu ndicho kilichoniuma kuliko yote. Laptopu haikuwa imesema uongo. Ilisema petroli ni kidogo, basi. Mimi ndiye niliyekimbilia jibu jepesi, kama yule fundi na pua yake.

Jioni ile alikuja jirani yangu, mwanachama mkongwe kuliko wote kikundini, ambaye sote tunamwita bibi. Siku ya kikao alikuwa ameketi pembeni na hakusema neno. Nilimwamkia kwa sababu adabu ni adabu, lakini sikumpa kiti upesi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia gari limekuaibisha."

"Halikuniaibisha gari, bibi. Nimeaibishwa na watu."

Akajivutia kiti mwenyewe. Kisha akaniuliza laptopu inasema nini. Nikamweleza kwamba sasa nataka kuiwasha wakati gari linakwenda, nione kinachotokea pale pale kilimani, lakini siwezi kushika usukani na kutazama mistari kwa pamoja. Akasema, "Mimi kusoma sijui. Lakini mstari nitauona."

Bibi hapendi magari. Humtia kichefuchefu, na hapandi bila limau mkononi. Asubuhi ya pili akapanda na limau lake. Betri ya laptopu ilikuwa inakaa dakika arobaini tu, kwa hiyo hatukuiwasha mpaka Kombani. Nikampakatisha. Nikamwonyesha mstari mmoja wa kijani na kumwambia autazame huo tu.

Mstari ule ulikuwa unaonyesha jambo rahisi. Gari lina kompyuta yake ndogo, na hiyo ikihisi petroli haitoshi, huagiza iongezwe. Mstari ukipanda, ina maana inaagiza zaidi na zaidi. Kwenye tambarare ulitulia karibu na chini. Tulipoanza kupanda, bibi akaacha kunusa limau.

"Unapanda, mwanangu."

Nikakanyaga mafuta.

"Unapanda bado. Unapanda. Umefika juu kabisa, haupandi tena. Umelala pale pale juu."

Na gari likakohoa, likazima, karibu na pale pale pa siku ile.

Nilikaa nikiutazama ule mstari na nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Petroli mbaya ingekuwa mbaya kotekote, kwenye tambarare na mlimani. Hili gari lilikuwa linaomba petroli kwa nguvu zake zote na haiji. Tatizo halikuwa kilichomo tangini. Tatizo lilikuwa njiani, kati ya tangi na injini. Sensa haikuwa na kosa, petroli haikuwa na kosa, wala mimi.

"Sasa nani ana kosa?" bibi akauliza.

"Hilo ndilo tunalolitafuta."

Nilipofika nyumbani niliazima mita ya umeme kwa fundi wa redio. Pampu ya petroli imo ndani ya tangi, na waya zake hupita chini ya kiti cha nyuma. Nikakiinua kiti. Injini ikiwa imewaka, betri ilisoma volti kumi na tatu na nusu. Pale kwenye pampu zilifika tisa. Pampu ilikuwa inafanya kazi kwa nusu shibe. Kwenye tambarare inajikongoja, mlimani inashindwa.

Pampu ina waya mweusi unaokwenda kufungwa kwenye bodi ya gari, ili umeme upate njia ya kurudi. Nikaufuata. Ukaingia chini ya zulia. Nikalivuta zulia, na harufu iliyotoka pale ilinifanya nirudi nyuma. Sponji la chini lilikuwa limelowa chapachapa. Ncha ya waya ilikuwa imegeuka kijani, imevimba, nilipoigusa ikamomonyoka vidoleni. Bolti yenyewe ilikuwa imeota unga mweupe.

Bibi akaugusa ule unga kwa kidole, akauonja.

"Chumvi," akasema. "Chumvi ya bahari."

Nilifikiri kwa sauti. Bahari haijaingia ndani ya gari. Mvua haina chumvi. Kilichokaa kwenye kiti hiki ni magunia ya mwani tu. Na mwani tunauanika siku kadhaa kwenye vichanja mpaka uwe mkavu, kwa kuwa mnunuzi hanunui uliolowa.

"Bibi," nikasema, "mwani mkavu hutoa maji?"

Akalichukua limau lake, akalizungusha mkononi. "Mwani mkavu hautoi maji, mwanangu."

"Basi haya yametoka wapi?"

Akaliweka limau chini. Kisha akasema, akitazama lile zulia, "Ndoo moja kwa gunia. Asubuhi ya kupakia, kabla hujaja. Unamwagia chini, juu panabaki pakavu. Mizani inapenda."

"Nani anamwagia?"

"Uliza nani hamwagii."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Mara mbili. Mwenyekiti alisema mnunuzi naye anatuibia kwenye mizani yake, kwa hiyo si dhambi."

Nimewahi kukasirika maishani mwangu, lakini hasira ya siku ile ilikuwa na ladha, kama shilingi ya shaba mdomoni. Nilikuwa nimelalamika mara ngapi kwamba gari linanuka? Nikajibiwa mwani hunuka. Nilikuwa nimesimama mara ngapi mlangoni mwa ghala nikimwambia mlinzi, kwa kinywa changu, kwamba mzigo ni mkavu? Walikuwa wamenipakia wizi wao mgongoni, nikauendesha mpaka Ukunda nikitabasamu. Na maji ya wizi huo yalipoula waya, wakanisimamisha kilimani wakaniita mwizi. Sidhani walijua habari ya waya. Habari yao wenyewe walikuwa wanaijua, kila mmoja aliyeketi kwenye ule mkeka.

Niliukata waya uliooza, nikaweka mpya, nikaisugua bolti kwa msasa mpaka ikang'aa, nikaipaka grisi. Nikaanika zulia juani. Siku iliyofuata mimi na bibi na limau lake tukapanda kilima cha Kwale mara mbili, na mara zote mbili mstari ukabaki chini. "Leo umelala kama mtoto," bibi akasema. Laptopu ikazihifadhi safari zote, ile ya kwanza na hizi mbili.

Jumamosi nilitawadha kabla ya kutoka nyumbani. Nilikwenda bandani na laptopu, na ule waya wa kijani nimeufunga kwenye kipande cha gazeti. Msahafu ulikuwa pale pale mbele ya mwenyekiti, ndani ya kitambaa chake.

Nikafungua laptopu nikawaonyesha. Mstari wa gari likifa. Mstari wa gari likipona. Nikaeleza polepole, bila kumkejeli mtu, na kujizuia huko kulinigharimu.

Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho. "Laptopu ni yako, dada," akasema. "Itasema utakalo."

Nikaufungua waya nikauweka mkekani. Wakausogelea. Mmoja akaugusa, akaufuta mkono kwenye leso.

"Waya umeoza," mwenyekiti akasema kwa ile sauti ndogo. "Magari huoza. Waya hautuambii habari ya petroli. Mimi sina neno nawe, wallahi. Apa tu, tumalize, tunywe chai."

Mpaka hapo nilikuwa nimepanga kulinyamazia lile la pili. Nilitaka tu jina langu. Bibi alikuwa ameniomba hivyo, na kwa ajili yake ningelinyamaza. Lakini kusikia neno hilo, apa tu, baada ya majuma mawili, baada ya msikiti, baada ya karatasi na sensa na kilima, kulinivunja.

"Nitaapa," nikasema. "Nina udhu. Leteni msahafu."

Mwenyekiti akaanza kufungua kitambaa.

"Nikishaapa mimi, uzunguke," nikasema. "Huu waya umeliwa na maji ya bahari. Mwani mkavu hautoi maji. Kila aliyefunga gunia aushike msahafu aape kwamba hakulimwagia ndoo. Tuanze na mwenyekiti."

Mikono yake ilisimama pale pale kwenye kitambaa. Laptopu ilikuwa inavuma kwa joto lake. Nikamtazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni.

"Mimi siwezi kuapa," bibi akasema kutoka pembeni, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. "Mimi nilimwagia."

Nikanyoosha mkono wangu wa kulia kuuchukua msahafu. Mwenyekiti, aliyekuwa ananitaka niushike kwa majuma mawili, akauvuta upande wake kabla sijaufikia. Akakifunga kitambaa, fundo moja, fundo la pili.

"Ndugu zangu," akasema, "tusitiriane. Mungu mwenyewe ni msitiri."

Sitara! Mimi nilisitiriwa na nani kilimani? Nilisitiriwa na nani pale mlangoni mwa msikiti? Nilitaka kuyasema hayo yote, na kinywa kilikuwa wazi tayari, lakini yeye alikwisha geuka na kuanza kuzungumzia kamba mpya za kupandia, na maji ya bamvua lijalo, na nani atakwenda kuchonga vigingi. Wengine wakamjibu upesi upesi, kwa shukrani. Hakuna aliyeniomba radhi siku ile, wala baadaye. Chai ikaletwa.

Nikaweka funguo za gari juu ya ule waya, nikafunga laptopu, nikatoka. Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa. Udhu wangu ulikuwa haujavunjika, nikaswali nao.